Roboti katika upasuaji wa kuondoa kizazi: Mgonjwa amefaidika kwa kiasi gani?

Leo tunazungumzia upasuaji wa kuondoa kizazi, ambao nchini Marekani ni wa pili kwa wingi kati ya operesheni kubwa wanazofanyiwa wanawake, baada ya ule wa kujifungua. Katika kipindi cha miaka 20 hivi iliyopita, upasuaji huu umepata mgeni aliyebadili mambo mengi katika vyumba vya operesheni, naye ni roboti. Je, mgeni huyu amemletea mgonjwa faida gani? Je, kuna mahali alipomletea madhara? Na mwanamke anayeelezwa kwamba hana budi kuondolewa kizazi amuulize nini daktari wake kabla ya kutia saini fomu ya kuridhia upasuaji?

Kizazi, au mji wa mimba kama wengine wanavyokiita, huondolewa kwa sababu mbalimbali. Sababu iliyo kubwa zaidi ni uvimbe wa faibroidi, ambao si saratani, lakini unaweza kumfanya mwanamke atokwe na damu nyingi wakati wa hedhi hadi akapungukiwa na damu mwilini. Sababu nyingine ni endometriosisi, yaani hali ya tishu zinazofanana na utando wa ndani wa kizazi kuota nje ya kizazi. Kushuka kwa kizazi. Na saratani, iwe ya kizazi chenyewe au ya mlango wake. Wakati mwingine kizazi huondolewa kwa dharura, pale mzazi anapovuja damu baada ya kujifungua na njia nyingine zote za kuizuia zikashindikana.

Kwa wanawake wenye asili ya Afrika, suala la faibroidi lina uzito wa pekee. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2003 ulionyesha kuwa hadi wanapofikia umri wa miaka 50, zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi na karibu asilimia 70 ya wanawake weupe huwa wameota uvimbe huo, ingawa si wote wanaopata dalili. Tafiti kadhaa za Marekani zimeonyesha pia kuwa wanawake weusi hawapati upasuaji wa matundu madogo kwa kiwango kile kile wanachopata wenzao weupe, na wengi zaidi kati yao hupasuliwa tumbo wazi. Kwa hiyo, mjadala kuhusu njia ya upasuaji unawahusu moja kwa moja wasikilizaji wetu wengi, pamoja na mama na dada zao.

Tukirejea nyuma katika historia, mwaka 1813 daktari wa Kijerumani Conrad Langenbeck, katika mji wa Göttingen, aliondoa kizazi kwa kupitia ukeni na mgonjwa wake akapona. Mwaka 1843, Charles Clay wa Manchester, Uingereza, alikiondoa kwa kupasua tumbo, lakini mgonjwa alifariki dunia muda mfupi baadaye. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1853 ndipo Walter Burnham wa mji wa Lowell, Massachusetts, alipofanya upasuaji wa tumbo wa aina hiyo na mgonjwa akaishi. Baadaye dawa za usingizi, usafi wa vyombo, kuongezewa damu na dawa za kuua vijidudu viliifanya operesheni hii kuwa jambo la kawaida.

Kwa muda wa zaidi ya miaka 100 njia zilibakia hizo mbili. Ya kwanza ni kupasua tumbo, ambapo daktari huona na kugusa kila kitu kwa mikono yake, lakini mgonjwa hubaki na kidonda kirefu, hulazwa kwa siku kadhaa na huhitaji takriban wiki sita kurejea katika shughuli zake. Ya pili ni kupitia ukeni, ambapo hakuna kovu lolote tumboni. Njia ya tatu ilikuja mwaka 1988, wakati daktari Harry Reich wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, alipofanya upasuaji huo kwa laparoskopi. Katika njia hii, tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili litanuke, kisha kamera na vyombo vyembamba hupitishwa katika matundu madogo, na daktari hufanya kazi huku akitazama skrini.

Laparoskopi ilipunguza maumivu na siku za kulazwa, lakini haikuenea upesi kama ilivyotarajiwa. Vyombo vyake ni virefu na vimenyooka, havipindi kama kiwiko au kifundo cha mkono. Daktari akisogeza mkono kushoto, ncha ya chombo ndani ya tumbo huenda kulia. Picha katika skrini za wakati huo ilikuwa bapa, isiyoonyesha kina. Kujifunza kushona ndani ya fupanyonga katika hali hiyo kulihitaji mazoezi ya miaka, na madaktari wengi waliendelea na kisu walichokizoea. Mwaka 2003, kwa magonjwa yasiyo ya saratani, theluthi mbili ya vizazi vilivyoondolewa nchini Marekani viliondolewa kwa kupasua tumbo, na asilimia 12 tu kwa laparoskopi.

Hapo ndipo roboti ilipoingia. Mtambo uliotangulia kuenea unaitwa da Vinci, unaotengenezwa na kampuni ya Intuitive Surgical ya California. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliuidhinisha kwa upasuaji wa jumla mwaka 2000, na mwaka 2005 ikauruhusu kwa magonjwa ya wanawake. Baadaye walijitokeza washindani, ukiwemo mtambo wa Versius kutoka Cambridge, Uingereza, na ule wa Hugo wa kampuni ya Medtronic.

Ni muhimu kueleza jambo moja ambalo huwachanganya wengi. Roboti hii haifanyi upasuaji yenyewe. Haiamui lolote wala haijui kizazi kiko wapi. Daktari huketi kwenye kiti hatua chache kutoka kwenye kitanda cha mgonjwa, akaingiza macho yake katika darubini inayomwonyesha ndani ya tumbo kwa picha kubwa yenye kina, na akashika vishikio kwa vidole vyake. Kila anapokunja kidole, kompyuta hupeleka mwendo huo kwa mikono ya chuma iliyoinamia kitandani, na vyombo vidogo ndani ya tumbo hupinda na kuzunguka kama kiganja cha binadamu. Mtetemeko wa mkono huchujwa. Daktari msaidizi na wauguzi huwa kando ya mgonjwa wakati wote.

Mbali na hayo, mtambo una mapungufu yake. Kwa miaka mingi daktari aliyeutumia hakuweza kuhisi ugumu au ulaini wa kile anachokivuta. Alitegemea macho pekee. Ni mwaka 2024 tu ambapo Marekani iliidhinisha toleo jipya la da Vinci lenye uwezo wa kumrejeshea daktari hisia za nguvu anayotumia. Aidha bei ya mtambo mmoja hufikia dola milioni mbili au zaidi, bila kuhesabu gharama za matengenezo ya kila mwaka na vyombo ambavyo hutumika kwa idadi maalumu ya operesheni na kisha kutupwa.

Je, matokeo kwa wagonjwa yalikuwaje? Mwezi Februari mwaka 2013, jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani, JAMA, lilichapisha uchunguzi uliohusu wanawake 264,758 walioondolewa kizazi kwa magonjwa yasiyo ya saratani katika hospitali 441 za Marekani kati ya mwaka 2007 na 2010. Katika kipindi hicho, matumizi ya roboti yalipanda kutoka asilimia 0.5 hadi asilimia 9.5 ya operesheni zote. Watafiti walipolinganisha roboti na laparoskopi ya kawaida, waligundua kuwa matatizo yaliyowapata wagonjwa yalikaribiana mno: asilimia 5.5 kwa roboti na asilimia 5.3 kwa laparoskopi. Waliotumia roboti walikuwa wachache kidogo miongoni mwa waliolazwa zaidi ya siku mbili. Gharama, hata hivyo, ilizidi kwa dola 2,189 kwa kila mgonjwa.

Mwezi uliofuata, rais wa wakati huo wa Chuo cha Madaktari wa Uzazi na Magonjwa ya Wanawake cha Marekani, James Breeden, alitoa taarifa akieleza kwamba roboti si njia pekee wala si njia bora kuliko nyingine za upasuaji mdogo, na wala si nafuu. Alisema matangazo ya biashara hayapaswi kuchukua nafasi ya ushahidi. Taarifa hiyo ilitolewa wakati ambapo baadhi ya hospitali zilikuwa zikijinadi kwa mabango yenye picha za roboti.

Pamoja na hayo, si haki kusema kwamba roboti haikuleta faida. Uchunguzi huo huo ulionyesha kuwa katika hospitali zilizonunua roboti, upasuaji wa kupasua tumbo ulipungua kwa kasi. Madaktari ambao hawakuwahi kuimudu laparoskopi ya kawaida waliweza kuimudu roboti, na wagonjwa wao, ambao wangepasuliwa tumbo wazi, waliondoka hospitali siku ya pili, na wengine siku ile ile. Kwa mgonjwa wa namna hiyo tofauti ni kubwa: damu inayopotea ni kidogo, maambukizo ya kidonda ni machache, na muda wa kupona hushuka kutoka wiki sita hadi wiki mbili au nne. Kwa wanawake wenye unene mkubwa, ambao kwao laparoskopi huwa ngumu na kidonda cha tumbo huchelewa kupona, wataalamu wengi huona kuwa roboti huwaepusha na uwezekano wa operesheni kugeuzwa katikati na kuwa ya kupasua tumbo.

Kwa hiyo, mpenzi msikilizaji, swali la kama roboti ni bora hutegemea inalinganishwa na nini. Ikilinganishwa na kupasua tumbo kwa ajili ya faibroidi, mgonjwa hufaidika. Ikilinganishwa na laparoskopi iliyofanywa na daktari hodari, tofauti ni ndogo. Na ikilinganishwa na njia ya ukeni, ile iliyotumiwa na Langenbeck mwaka 1813, ushahidi hauipendelei roboti. Mwaka 2015, wataalamu wa taasisi ya Cochrane walikusanya majaribio 47 yaliyohusisha zaidi ya wanawake 5,000, wakahitimisha kuwa kwa magonjwa yasiyo ya saratani, njia ya ukeni ipewe kipaumbele kila inapowezekana. Njia hiyo haihitaji mtambo wowote wa mamilioni. Jambo la kusikitisha ni kwamba kadiri madaktari vijana wanavyojifunza roboti, ndivyo wanavyopungua wale wenye ujuzi wa njia ya ukeni.

Hatari nazo zipo na hazina budi kutajwa. Katika njia zote za kuondoa kizazi, kibofu na mirija ya mkojo vinaweza kujeruhiwa. Katika laparoskopi na roboti, mshono wa juu ya uke umeonekana kufumuka mara nyingi zaidi kuliko katika njia nyingine, jambo ambalo hutokea kwa nadra lakini ni la dharura. Ndiyo maana madaktari husisitiza kutojamiiana kwa wiki kadhaa baada ya operesheni. Mgonjwa wa roboti hulazwa kichwa kikiwa chini na miguu juu, mkao ambao huweza kumpa taabu mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu.

Tatizo jingine lilibainika mwaka 2014. Ili kizazi chenye faibroidi kubwa kitolewe katika tundu dogo, madaktari walikuwa wakikikatakata ndani ya tumbo kwa mashine maalumu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kuwa takriban mwanamke 1 kati ya kila 350 wanaofanyiwa upasuaji wa faibroidi huwa na saratani aina ya sarkoma ambayo haijagunduliwa, na mashine hiyo inaweza kuitawanya. Tangu wakati huo matumizi yake yamepungua sana, na pale inapotumika, mamlaka hiyo hutaka kizazi kikatwe ndani ya mfuko maalumu.

Sasa tugeukie saratani, kwani hapa ndipo penye funzo kubwa zaidi. Kwa saratani ya mwili wa kizazi iliyo katika hatua za mwanzo, matundu madogo yamethibitika kuwa salama. Jaribio la Australia na kwingineko lililowahusisha wanawake 760, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017, lilionyesha kuwa baada ya miaka minne na nusu, waliopasuliwa tumbo na waliofanyiwa laparoskopi walikuwa sawa katika kuishi bila ugonjwa kurudi.

Wengi walidhani kwamba hali ni hiyo hiyo kwa saratani ya mlango wa kizazi. Kwa miaka zaidi ya 10, maelfu ya wanawake katika nchi tajiri walifanyiwa upasuaji wa saratani hiyo kwa laparoskopi na roboti, pasipo jaribio kubwa lililowahi kuthibitisha usalama wake. Jaribio hilo lilipofanyika hatimaye, chini ya uongozi wa daktari Pedro Ramirez wa kituo cha saratani cha MD Anderson mjini Houston, liliwashirikisha wanawake 631 katika vituo 33 duniani. Lilisitishwa kabla ya muda wake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la New England Journal of Medicine: baada ya miaka minne na nusu, asilimia 96.5 ya waliopasuliwa tumbo walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, dhidi ya asilimia 86 ya waliofanyiwa upasuaji wa matundu madogo. Waliofariki dunia walikuwa 3 upande wa kwanza na 19 upande wa pili.

Katika jaribio hilo, wengi wa waliofanyiwa upasuaji wa matundu walifanyiwa laparoskopi ya kawaida, na wachache roboti. Lakini katika toleo lile lile la jarida kulikuwa na uchunguzi wa pili, uliotazama kumbukumbu za wanawake 2,461 wa Marekani. Huko, wanane kati ya kila 10 wa kundi la matundu walikuwa wamefanyiwa kwa roboti. Ndani ya miaka minne, asilimia 9.1 ya kundi hilo walikuwa wamefariki dunia, dhidi ya asilimia 5.3 ya waliopasuliwa tumbo. Ufuatiliaji wa mwisho wa jaribio la kwanza, uliochapishwa mwaka 2024, ulithibitisha matokeo yake.

Sababu yake bado inajadiliwa. Wapo wanaokinyooshea kidole chombo kinachoingizwa kizazini ili kukisogeza wakati wa operesheni, kwamba huenda hukwaruza uvimbe na kutawanya chembechembe za saratani. Wengine hutaja gesi inayojazwa tumboni, au kufunguliwa kwa uke ndani ya tumbo. Miongozo ya kitaalamu ya Marekani na Ulaya ilibadilishwa na kuirejesha njia ya kupasua tumbo kuwa ndiyo ya kawaida kwa saratani hii. Mwezi Februari mwaka 2019, mamlaka ya Marekani iliwatahadharisha wagonjwa na madaktari kwamba usalama na ufanisi wa roboti katika kuzuia au kutibu saratani haujathibitishwa. Majaribio mengine yanayoihusu roboti peke yake yalianzishwa baada ya hapo.

Habari hii ina maana maalumu kwa Afrika Mashariki, ambako saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa zinazoua wanawake wengi zaidi. Si ajabu familia yenye ndugu walio Uarabuni, Uingereza au Marekani kuchangishana fedha ili mama yao asafirishwe ng'ambo akapate matibabu ya kisasa. Nia hiyo ni njema, ila yafaa ijulikane kuwa kwa saratani hii katika hatua za mwanzo, mwanamke anayepasuliwa tumbo Dar es Salaam, Nairobi au Kampala na daktari bingwa wa saratani za wanawake hupata njia ile ile inayopendekezwa leo huko Houston. Kinachookoa maisha zaidi ni kugunduliwa mapema na kufikiwa na daktari mwenye ujuzi. Shirika la Afya Duniani lilizindua mwaka 2020 mkakati unaotaka ifikapo mwaka 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa dhidi ya virusi vya HPV, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa, na asilimia 90 ya waliogunduliwa na ugonjwa wawe wanatibiwa.

Hata hivyo, teknolojia ya matundu madogo nayo inalikaribia eneo hilo. Mwaka 2001, daktari wa Kifaransa Jacques Marescaux akiwa New York alimtoa kibofu cha nyongo mgonjwa aliyekuwa Strasbourg, Ufaransa, kwa kutumia roboti na nyaya za mawasiliano zilizovuka bahari ya Atlantiki. Taasisi aliyoiasisi, IRCAD, ilifungua mwezi Oktoba mwaka 2023 kituo chake mjini Kigali, Rwanda, cha kuwafunza madaktari wa Afrika upasuaji wa matundu madogo.

Basi, mwanamke anayeshauriwa kuondolewa kizazi aulize nini? Kwanza, aulize kama kuna tiba mbadala. Faibroidi inaweza kutolewa peke yake na kizazi kikabaki, au mishipa inayoilisha damu ikazibwa. Na damu nyingi ya hedhi huweza kupunguzwa kwa dawa au kwa kitanzi chenye homoni. Pili, aulize kama ovari zake zitaachwa, kwa kuwa kuziondoa kabla ya wakati humwingiza ghafla katika ukomo wa hedhi. Tatu, aulize kwa nini daktari amechagua njia hiyo, na kama njia ya ukeni inawezekana. Nne, aulize daktari huyo amefanya operesheni ngapi za aina hiyo, na ni mara ngapi alilazimika kubadili na kupasua tumbo. Tano, kama ni saratani, aulize ni ya sehemu gani, kwani jibu la swali hilo ndilo linaloamua njia ya upasuaji. Na kwa wale wanaojilipia wenyewe au kutegemea bima, aulize kama bili ya roboti italipwa yote.

Daktari mwema hakasirishwi na maswali hayo. Mtambo ni chombo tu, na chombo huongozwa na nahodha. Mgonjwa ana haki ya kumjua nahodha wake na bandari anakopelekwa.